Jiko la Mgeni Lisifagiliwe

Waganda wana msemo wao kwamba asiyetembea hudhani mama yake ndiye mpishi bora kuliko wote. Sisi watu wa visiwani tukiambiwa hayo hujibu upesi kwamba Waganda hawajala kwa mama zetu. Watu hucheka, na mazungumzo huishia hapo. Lakini mimi niliyeondoka kisiwani nikali kijana, nikala kwa mama za watu katika miji mingi, na mwisho nikatua Temeke ambako naishi mpaka sasa, nauona msemo huo kuwa ni wa kweli. Tena unawahusu watu wa aina mbili ambao leo ningependa kuzungumza nao: ndugu zangu wa visiwani wanaoishi katika viunga vya Dar es Salaam, na waheshimiwa maofisa wa serikali wanaoamua nani auze nini, na mahali gani, katika viunga hivyo hivyo.

Nianze na jambo ambalo wengi hulionea haya. Mapenzi ya safari na mapenzi ya chakula ni mapenzi mamoja. Mtu akisema kwamba anapenda kusafiri lakini hajali anachokula, huyo amesafirisha mzigo tu, na mzigo wenyewe ni yeye. Mji haujulikani kwa kutazama majengo yake. Hujulikana pale unapokaa kwenye benchi la mtu usiyemfahamu, ukaliamini tumbo lako mikononi mwake, ukala alichokipika, kisha ukamwuliza kimetiwa nini. Huko Muscat nilijua kwamba siko mbali na kwetu usiku nilipoona mishkaki ikichomwa kando ya barabara, ikiitwa kwa jina lile lile, na mchomaji akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja kisichokuwa na doa. Alizaliwa huko huko Omani. Wazee wake walikuwa miongoni mwa wale waliovuka bahari baada ya mwaka 1964, na ambao walizidi kumiminika tangu Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970. Nilimwuliza Kiswahili alikisoma wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa alijifunzia wapi kutembea, akasema: jikoni, kwa mama.

Wala uroho huu wa safari, kama ni uroho, si wa jana. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika Moroko, aliteremka pwani yetu ya Afrika Mashariki, na katika mambo aliyoyaandika hakusahau sinia. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Akapewa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari za ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Alipofika Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaona kwamba watu wa kisiwa hicho hula ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao huletwa kutoka pwani ya pili. Kisha akaendelea mpaka Kilwa.

Msomaji wa visiwani na alitazame tena hilo la nafaka. Karibu miaka 700 iliyopita, kisiwa kilikuwa kikila kwa sababu mtu wa bara alilima na mtu wa chombo alivusha. Hata vyakula tunavyoapa kuwa ni vyetu tangu Nuhu vilikuja na wasafiri. Mpunga na mgomba vilivuka bahari kutoka Asia. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika, vikaletwa na merikebu baada ya Wareno kuingia bahari hii. Karafuu yenyewe, ambayo kwayo Zanzibar yajulikana duniani kote, ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Ukiondoa vya wageni katika sahani ya Mzanzibari, hakitabaki kingi zaidi ya samaki na chumvi.

Tena watu wetu wenyewe walisafiri na kuandika. Mwaka 1901 kilichapwa Ujerumani kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten. Humo mna habari za Salim bin Abakari, Mngazija, aliyekwenda Urusi hadi Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akafia huko mwaka 1927. Na kabla yao, mwaka 1866, Sayyida Salme binti Said alikuwa ameondoka Zanzibar akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Kumbukumbu zake, zilizochapwa mwaka 1886, zinaonyesha wazi kwamba mtu aweza kuacha dini, jina na nchi, lakini mlo wa nyumba ya baba yake ukabaki ukimwandama katika baridi ya Ulaya. Nawataja hawa ili nisiambiwe kwamba ninazungumzia anasa za watu wa leo wenye pasipoti. Kwetu sisi safari ni urithi, na sahani ya ugenini ni sehemu ya urithi huo.

Lakini si lazima mtu aende Siberia ndipo awe ugenini. Mtu wa Mafia siku hizi huvuka hadi Nyamisati, akapanda gari, na mji wa kwanza kumpokea ni Mbagala Rangi Tatu. Mpemba na Muunguja huteremka bandarini, wakabeba mabegi yao mpaka Tandika, Keko, Magomeni ama Mwananyamala, kwa jamaa aliyetangulia. Mngazija huja kwa biashara au kwa matibabu, akapanga chumba. Hawa wote wako ugenini tangu usiku wa kwanza, hata kama lugha ni moja na azana ni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke na 982,328 katika Kinondoni, hata baada ya Kigamboni na Ubungo kumegwa kutoka wilaya hizo. Ukijumlisha, ni watu 2,329,002, hali Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ilikuwa na watu 1,889,773. Maana yake ni kwamba viunga hivi viwili vina watu wengi kuliko nchi nzima ya visiwa vyetu, na walio wengi humo ama wametoka mahali pengine, ama wamezaliwa na waliotoka mahali pengine.

Je, umati huu wa wageni hula wapi? Mwenye chumba kimoja, anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, hana jiko. Mpagazi wa sokoni hana jiko. Kijana aliyekuja kutafuta kazi hana hata sufuria. Jiko lao liko barabarani. Ukipita jioni katika Mbagala au Tandale utaikuta Tanzania nzima imekaa juu ya mafiga: mtori wa Wachaga, makande ya Upare, dagaa wa Kigoma, sato wa Mwanza, mlenda wa Dodoma, wali wa mchele wa Kyela uliotiwa nazi. Hatua chache mbele utamkuta mtu wa pwani anakaanga mihogo na kachumbari, na supu ya pweza inatokota kando yake. Urojo wetu nao umevuka maji. Unauzwa kwa watu ambao hawajapata kuiona Darajani, nao wanabishana ukali wa ndimu kama waliozaliwa Mkunazini. Na kuna chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege, chakula kisichokuwa cha kabila lolote. Mimi si mpenzi wake, lakini nakiri kwamba ni mtoto halali wa Dar es Salaam.

Wapishi hawa waliitwa mama ntilie, na jina hilo lilitoka kinywani mwa mteja mwenyewe: mama, nitilie. Baadaye ilionekana kwamba jina halina heshima, wakaitwa mama lishe, na wanaume wakaitwa baba lishe. Sina ugomvi na jina jipya. Ugomvi wangu ni kwamba heshima yenyewe iliishia katika jina.

Kwani tangu lini watu hawa wamekuwa wakihesabiwa kuwa ni taka? Tangu zamani. Wazee wanaikumbuka miaka ya uhaba, tulipopanga foleni kwa sukari na mchele, na unga wa mahindi ya njano kutoka nje ukabatizwa unga wa Yanga kwa ajili ya rangi ya jezi. Hata wakati huo mfanyakazi wa viwanda vya Chang'ombe alikuwa akila mchana, kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyejua wapi pa kupata debe la unga. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na misako ya walioitwa wazururaji, waliokuwa wakikamatwa mjini na kupelekwa mashambani. Upepo ukabadilika, biashara ndogo zikaruhusiwa. Desemba 2018 vikaanza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye nacho akaahidiwa kwamba hatasumbuliwa. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wakaondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, na mabanda yakavunjwa. Sisemi kwamba barabara isipitike. Njia ya watembea kwa miguu ni haki ya kipofu, ya mzee na ya mtoto wa shule, na mwenye sufuria hana ruhusa ya kuifunga. Ninachosema ni kwamba katika miaka hii yote mpishi ameambiwa mara nyingi pale asipotakiwa kukaa, na mara chache mno pale anapotakiwa.

Bwana afya atanijibu kwa neno moja, nalo ni kipindupindu. Ni neno zito, wala silipuuzi. Agosti 2015 ugonjwa huo ulizuka Dar es Salaam, ukianzia Kinondoni, ukaenea Temeke na Ilala, na mwezi Septemba ukafika Zanzibar. Uuzaji wa vyakula mahali pa wazi ulipigwa marufuku pande zote mbili za maji. Waliofiwa hawahitaji mahubiri ya mapenzi ya chakula. Lakini tuwe wakweli juu ya njia ya ugonjwa wenyewe. Kipindupindu hakizaliwi na sufuria. Huletwa na kinyesi kilichoingia katika maji au chakula. Mpishi wa Tandale ana ndoo mbili: moja ya kuoshea, moja ya kusuuzia, na maji ya zote mbili ameyanunua kwa mchota maji ambaye hakuna ajuaye kisima chake kiko hatua ngapi kutoka chooni. Ukimfukuza kutoka mtaro huu ataweka mafiga kwenye mtaro wa pili, kwa kuwa wateja wake bado wana njaa. Atakuwa amepoteza mahali, lakini ndoo zake zitakuwa ni zile zile mbili.

Maofisa wa bara na wakumbuke kwamba mfano upo, tena hauko mbali. Bustani ya Forodhani, katika Mji Mkongwe, ilitengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, ikafunguliwa mwaka 2009. Wauzaji wa vyakula vya usiku hawakuambiwa kwamba bustani ni nzuri mno kwao. Walipangiwa mahali ndani yake, wakarudi na pweza wao na mikate yao, na leo mgeni atokaye Ulaya hudhani kwamba amefika Zanzibar pale tu anapoinuka Forodhani akiwa ameshiba. Labda nitaambiwa kwamba hiyo ni Forodhani, penye watalii na fedha za kigeni, na Mbagala haina mtalii. Basi na lisemwe hivyo waziwazi, ili tujue kwamba maji safi ni ya kumpendeza Mzungu, na abiria wa Mafia atasuuziwa sahani kwa maji ya ndoo.

Kuna na jambo la gesi. Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, nayo yalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Ni mkakati mwema, kwa mapafu ya mpishi na kwa misitu ya Pwani na Morogoro inayogeuzwa magunia ya makaa. Mama lishe wamekuwa wakigawiwa mitungi na majiko, na picha zimepigwa. Nauliza tu: mtungi huo utakaa wapi? Mwanamke ambaye kila akimwona mgambo hukunja meza yake na kukimbia, hawezi kukimbia na gesi kichwani. Atauacha mtungi nyumbani, na njiani ataendelea na mkaa, kwa sababu jiko la mkaa likinyang'anywa hasara yake si kubwa. Kumpa mtu moto na kumnyima mahali pa kuuweka ni kazi iliyofanywa nusu.

Njia ya mabasi yaendayo haraka imejengwa katika Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala. Masoko yanajengwa na mengine yataendelea kujengwa. Katika michoro ya kazi za namna hii huwamo mahali pa magari, mahali pa maduka, mahali pa taa. Mahali pa kupikia na kulia watu wa kipato cha chini hufikiriwa baadaye, na aghalabu hufikiriwa na wapishi wenyewe, usiku, kwa mabati na magunia. Halmashauri za Kinondoni na Temeke zingeweza kulibadilisha jambo hili kwa kalamu kabla ya kufikia saruji: paa, bomba la maji ya DAWASA lenye mita, mtaro uliofunikwa, choo, na mlango wa bwana afya kuingia kila siku akakague. Akimkuta mpishi mchafu mahali penye maji, amfungie, nami nitamshangilia. Ushuru utakaotozwa hapo utakuwa na haki, kwa sababu mlipaji ataona alicholipia.

Sasa niwageukie ndugu zangu wa visiwani, maana si haki kumsema mwenyeji peke yake. Nimewasikia mara nyingi, vibarazani Magomeni na misibani Temeke. Mtu amekaa bara miaka 20, watoto wake wamezaliwa hapa, lakini akiulizwa habari za chakula atakwambia kwamba huku hakuna chakula, huku watu wanajaza tumbo tu. Ugali kwake ni adhabu. Mtori hajaugusa, makande anayaita chakula cha shule. Jamaa huyu huyu, akitoka London au Dubai kumtembelea nduguye, husimulia wiki nzima vyakula vya Kihindi na vya Kituruki alivyokula huko, mpaka jina la mpishi. Kwake ugenini wa ndege una ladha, ugenini wa boti hauna. Huo si upenzi wa chakula. Ni upenzi wa tiketi.

Matokeo yake si ya kuchekesha. Tukijitenga katika kula, tunajitenga na majirani wanaokaa kwenye mikutano ya mtaa. Banda la muuza urojo linapovunjwa, sisi hulalamika kwamba Mzanzibari ameonewa, hali la mama wa Kingoni lililokuwa ubavuni limevunjwa saa ile ile na hatukulitaja. Kama wote wawili wangekwenda pamoja kwa mtendaji wa mtaa, na wateja wao nyuma yao, mtendaji angelazimika kusikiliza. Na kipimo hiki kina upande wa pili. Huko kwetu Unguja yupo mwanamke aliyetoka Tabora au Masasi anayeuza ugali na maharage kwa mafundi wa ujenzi. Naye ni mgeni, ana mafiga yake na ndoo zake mbili. Maofisa wa Zanzibar wanaosoma ukurasa huu kwa kuridhika, kwa kuwa nimewasifu kwa Forodhani, na wamtazame huyo pia. Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake mkononi siku ya kwanza.

Nyumbani kwangu Temeke, jirani yangu Mngoni amejifunza mkate wa kumimina. Huuroweka mchele usiku, akausaga na nazi, akatia hamira na hiliki, na wanawe huupeleka barazani ungali moto. Nazi yenyewe hulalamikia bei yake, na ana haki. Minazi mingi ya viunga hivi imekatwa kupisha viwanja, na mingine imeuawa na ugonjwa wa kunyong'onyea ambao watafiti wa Mikocheni wamehangaika nao kwa miaka mingi. Mke wangu kwa upande wake amejifunza kwake kupika kisamvu kwa karanga. Watoto wa nyumba hizi mbili hawajui tena chakula kipi ni cha nani. Wakikua wakasafiri, kama nilivyosafiri mimi, huko watakakokwenda watatamani vyote viwili, na pengine watamwambia mtu fulani kwenye benchi la ugenini kwamba hivi ni vyakula vya kwao, Temeke.

Miaka mipya ya fedha huanza Julai, na kabla ya hapo madiwani wa halmashauri zote mbili hukaa kupitisha bajeti. Wapishi wa Rangi Tatu huwasha moto saa kumi alfajiri, ili chai na maandazi viwe tayari kabla abiria wa Nyamisati hawajaanza kumiminika. Diwani au mhandisi anayetaka kujua bomba lipite wapi na aende saa hiyo, atawakuta.